Barua mbili, majina matatu: valvu ya binti yangu ipanuliwe au ibadilishwe?

Swali: Daktari, binti yangu ana miaka 22, tunakaa Likoni. Mwaka jana alianza kuishiwa pumzi akipanda ngazi, kisha akawa anakohoa usiku. Tulitibu pumu miezi minane bila nafuu. Sasa amepimwa eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, na amepewa vidonge vya kupunguza mapigo. Barua ya hapa Mombasa imeandikwa MS kali, uwazi 0.9, na chini yake PTMC. Tulipokwenda Nairobi daktari mwingine akaandika PBMV, na kama haifai, MVR. Nilitafuta MS kwenye intaneti nikakuta ni ugonjwa wa neva, nikalia usiku kucha. Je, huu ni upasuaji wa aina tatu? Upi ulio salama? Ameposwa, na harusi tumeipanga baada ya Idi. Ataweza kuzaa? Na kuna ulazima gani wa kuwaambia wakwe?

Jibu: Shikamoo mamangu, na pole kwa usiku huo. Nianze na lililokuliza. MS iliyoandikwa na daktari wa moyo si ule ugonjwa wa neva. Ni herufi zilezile tu, zinatumiwa na madaktari wa fani mbili. Kwetu sisi M ni mitrali, jina la valvu moja ya moyo, na S ni stenosisi, neno la Kigiriki la kitu kilichobana. Valvu ya mitrali ya binti yako imebana, basi. Na maadamu barua unazo, zitazame tena kama kuna mahali pameandikwa MR. Herufi hiyo moja inageuza habari: MR ni valvu inayovuja, haifungi sawasawa. Mtu mmoja aweza kuwa na yote mawili, na kiasi cha kuvuja kitaamua mengi katika haya nitakayokueleza.

La pili, si upasuaji wa aina tatu. Ni njia mbili. PTMC na PBMV ni kitu kimoja: valvu yake mwenyewe inapanuliwa kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa paja, bila kupasuliwa kifua. MVR ndiyo tofauti: kifua kinafunguliwa, valvu yake inatolewa, inawekwa nyingine. Kwa hiyo madaktari wako wawili hawakupingana. Wa Nairobi amekubaliana na wa Mombasa, kisha akaongeza la kufanya iwapo puto halitafaa.

Wewe wa Likoni nitakueleza ugonjwa wenyewe kwa feri. Damu inayotoka mapafuni, imeshachukua hewa safi, huingia chumba cha juu cha moyo upande wa kushoto. Hapo ni kama pale mnapongojea. Lango la kupandia ni valvu ya mitrali, na feri ni chumba cha chini, ambacho kikishajaa hujibana kikaisukuma damu mwilini kote. Lango likiwa pana watu hupanda mara moja. Likibanwa likawa la kupita mmoja mmoja, watu hurundikana, foleni ikarudi nyuma mpaka barabarani, na barabara hiyo ndiyo mapafu. Presha inapanda huko, majimaji yanavuja ndani ya mapafu, na ndipo mtu anapokohoa akilala chali na kuanza kuongeza mito kitandani. Kifua chaweza hata kupiga mluzi kama cha mwenye pumu, kwa hiyo usijilaumu kwa ile miezi minane.

Kuna jambo hapa wagonjwa wengi hawaelezwi. Feri hii haingoji ijae. Moyo ukienda mbio, muda wa kupanda hupungua, na feri hung'oka nusu ya abiria wakiwa bado ng'ambo. Ndiyo maana homa, ngazi, hofu, na zaidi ya vyote mimba, humwangusha mtu ambaye juzi alikuwa akitembea sokoni mwenyewe. Na ndiyo maana amepewa vidonge vya kupunguza mapigo. Vidonge hivyo havifungui lango, vinaichelewesha feri ili watu wapande. Asiviache kwa kuwa anajisikia vizuri. Huko kujisikia vizuri kumetokana navyo.

Sasa ile 0.9. Valvu ya mitrali ya mtu mzima asiye na ugonjwa hufunguka kiasi cha sentimita za mraba 4 hadi 6. Chukua sarafu ya shilingi moja uitazame. Ni kama hivyo. Ikishuka hadi 1.5 tunaiita kali. Yake ya 0.9 ni kama duara la kifungo cha shati, na damu yote ya mwili wake inapita hapo.

Nimezishika valvu hizi mkononi baada ya kuzitoa. Iliyo nzima ni nyepesi, ukiiinua kwenye taa unaona mwanga upande wa pili, kama ule utando ulio katikati ya maganda ya kitunguu. Iliyoharibika huinuka kama kipande cha ngozi kilichoanikwa juani. Ina majani mawili, na pale pembeni yanapokutana yameshikana yakawa kitu kimoja. Kilichobaki katikati ni mpasuko mdogo uliopinda. Wanaochunguza viungo huuita mdomo wa samaki, na ukiuona hutautafutia jina lingine. Kwa chini, zile nyuzi zinazoyashikilia majani yasipinduke, ambazo zingekuwa kama uzi wa kushonea, zimekuwa nene na fupi.

Chanzo ni homa ya baridi yabisi. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 anaumwa mafindofindo yanayoletwa na bakteria aina ya streptokoka, hatibiwi au anatibiwa nusu, mwili unainuka kupigana nayo na katika kupigana huko unaishambulia valvu yake wenyewe. Viungo vinauma wiki chache, vinapona, nyumba inasahau. Valvu haisahau. Inaendelea kukakamaa kwa miaka, na wanaobanwa zaidi ni wanawake. Hakurogwa, wala hakuna ulichomlisha.

Mahali pale pembeni panapokutana majani panaitwa komisura. Lishike neno hili, maana ndilo lililozaa vurugu ya majina kwenye barua zako.

Mwaka 1902 tabibu wa London, Lauder Brunton, aliandika kwamba huenda valvu iliyobana ikafunguliwa kwa kisu. Wenzake walimkemea. Elliott Cutler wa Boston alijaribu mwaka 1923 kwa mtoto wa kike wa miaka 12, na mtoto yule akaishi zaidi ya miaka minne. Waliofuata karibu wote walikufa, kwa sababu Cutler alianza kukata na kuondoa kipande cha valvu. Kubana kukageuka kuvuja, na moyo haukustahimili. Mwaka 1925 Henry Souttar wa London akafanya jambo ambalo mimi kila nikilifikiria huliheshimu: aliingiza kidole chake ndani ya moyo unaopiga wa msichana, kupitia kipembe kidogo cha chumba cha juu, akaigusa valvu kwa ncha ya kidole, akaifungua. Msichana akapona. Hakuna tabibu aliyempelekea mgonjwa mwingine wa aina hiyo tena. Ikapita zaidi ya miaka 20.

Kisha ukafika mwaka 1948. Juni, Charles Bailey wa Philadelphia, ambaye wagonjwa wake wa kwanza walikuwa wamemfia, alifaulu kwa kutenganisha komisura, akauita upasuaji wake komisurotomi. Siku sita baadaye Dwight Harken wa Boston akafaulu naye, akauita valvuloplasti. Septemba, Russell Brock wa London akaufanya wake, akauita valvotomi. Watu watatu ndani ya miezi minne, na kila mmoja akaipa kazi ileile jina lake. Tomi ni kukata. Plasti ni kufinyanga, kukipa kitu umbo lake. Ile C ya PTMC ni komisurotomi ya Bailey. Ile V ya PBMV wengine huisoma valvuloplasti ya Harken, wengine valvotomi. Herufi zilizobaki zinasema tu kwamba njia ni ya kupenya ngozini, na hiyo B ni puto. Mimi hupendelea kuandika komisurotomi, kwa kuwa ndilo linalosema hasa kinachotokea: puto halifinyangi kitu, linaachanisha komisura zilizoshikana. Lakini ukikuta daktari ameandika vingine, usidhani amebadilisha matibabu.

Puto lenyewe ni kazi ya daktari wa upasuaji wa Japani, Kanji Inoue. Alilitumia kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza mwaka 1982, na mpaka leo ndilo tunalolitegemea. Binti yako atalazwa chali, atachomwa dawa ya ganzi kwenye kinena, na mara nyingi atakuwa macho akisikia tunavyozungumza. Mrija mwembamba unapanda kwenye mshipa mpaka chumba cha juu cha kulia, unatoboa ukuta mwembamba unaotenganisha vyumba viwili vya juu, unaingia kushoto, unavuka valvu. Hapo puto linajazwa kwa mpango: kwanza nusu ya mbele, likavutwa nyuma mpaka likakwama kwenye valvu, kisha nusu ya nyuma, likawa na kiuno kama kibuyu kilichobanwa kati. Mwisho kiuno kinajaa kwa ghafla, na komisura zinaachana. Ni sekunde chache. Ukubwa wa puto tunaukadiria kwa urefu wa mtu: gawa sentimita zake kwa 10, ongeza 10. Mwenye sentimita 160 puto lake ni la milimita 26, na huanzia chini ya hapo tukipanda taratibu huku tukipima. Kwa kawaida uwazi hukaribia kuwa maradufu. Atatoka hospitali baada ya siku moja au mbili, na kifuani hatakuwa na kovu.

Kama ni rahisi hivi, mbona daktari wa pili ameacha mlango wa MVR wazi? Kwa sababu puto hufaa valvu ya namna fulani tu, na jibu limo ndani ya ripoti ya eko, karatasi ambayo familia nyingi hubaki nayo kwenye bahasha bila kuulizia. Tafuta humo alama za Wilkins. Valvu hupimwa mambo manne: majani yanavyochezacheza, unene wake, chokaa iliyoganda, na hali ya zile nyuzi za chini. Kila jambo hupewa alama 1 hadi 4, kwa hiyo jumla ni kati ya 4 na 16. Ikiwa 8 au chini, puto hufanya kazi nzuri na ya kudumu. Zaidi ya hapo matokeo hupungua, ingawa nimeona yenye 9 na 10 yakaenda vizuri kwa msichana mwembamba mwenye komisura laini. Alama ni mwongozo, jicho la mpimaji lina nafasi yake. Kisha ulizia kuvuja: kukiwa kidogo hakuna neno, kukiwa kwa wastani au kwingi puto halifai, litaongeza. Na damu iliyoganda ndani ya chumba cha juu. Hii lazima itafutwe kwa eko ya kumeza, ambayo kipimo kinapitishwa kooni, maana mrija ukiligusa donge likaruka kwenda kwenye ubongo, ni kiharusi. Likionekana, mgonjwa hutumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa wiki kadhaa, kisha tunaangalia upya.

Hatari zake ni hizo, pamoja na jani la valvu kuchanika na damu kuvuja ghafla, jambo linalotokea kwa wachache lakini likitokea huhitaji upasuaji wa haraka. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa hospitali yoyote mtakayopangiwa ni hili: siku hiyo timu ya upasuaji wa moyo iko tayari hapohapo? Pengine utaambiwa mwende Kenyatta au Mater huko Nairobi, au Tenwek kule Bomet. Kuna familia za pwani zilizovuka mpaka hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Popote pale, uliza wamefanya maputo mangapi mwaka huu. Daktari mzuri hachukizwi na swali hilo. Na mkisafiri kwa treni, dawa zake ziwe kwenye mkoba wake, zisiwekwe kwenye sanduku.

MVR inakuja pale puto lisipofaa. Upasuaji huu uliwezekana baada ya John Gibbon kutengeneza mashine ya kushika kazi ya moyo na mapafu, iliyofaulu mwaka 1953. Moyo unasimamishwa, unafunguliwa, daktari anaona anachokifanya. Mwaka 1960 Albert Starr, kwa valvu aliyoibuni pamoja na mhandisi Lowell Edwards, alibadilisha mitrali mgonjwa akaishi. Leo ukifunguliwa kifua, daktari mwenye ujuzi hutazama kwanza kama inatengenezeka: kuachanisha komisura kwa kisu, kupunguza unene, kuzifungua nyuzi. Ikishindikana ndipo anaitoa.

Valvu mpya ni za aina mbili, na kwa binti wa miaka 22 kila moja ina deni lake. Ya chuma, kama tunavyoiita ingawa nyingi ni za kaboni ngumu, hudumu miongo. Usiku nyumba ikitulia utaisikia ikilia kama saa ndogo. Deni lake ni warfarini kila siku ya maisha, na kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inavyochelewa kuganda, kikae kati ya 2.5 na 3.5. Dawa mpya za kuzuia damu kuganda, hata kama zimesifiwa vipi, hazitumiki kwa valvu hii. Mchicha na kisamvu hakatazwi. Ale kiasi kilekile wiki kwa wiki, asile sana leo akaacha mwezi mzima. Ya pili hutengenezwa kwa nyama ya mnyama, na haidai warfarini ya maisha, lakini kwa vijana huchakaa mapema, pengine ndani ya miaka 10, na moyo utafunguliwa tena. Kwa kuwa nyumba nyingi za hapa ni za Waislamu, nilitaje bila kungoja kuulizwa: nyingine ni za nguruwe, na nyingine ni za utando unaozunguka moyo wa ng'ombe. Semeni mapema mnayoitaka. La hukumu mwulizeni shehe wenu.

Jirani atakwambia babu yake aliwekewa valvu nzima kupitia pajani bila kupasuliwa. Ni kweli, lakini hiyo ni valvu ya aota, ile ya lango la kutokea damu kwenda mwilini, iliyokauka kwa uzee, njia iliyoanzishwa na Alain Cribier kule Ufaransa mwaka 2002. Siyo ugonjwa wa binti yako.

Sasa kuzaa. Jibu langu ni ndiyo, inshallah, na ndiyo sababu kubwa ya mimi kulipigania puto kwa binti wa umri wake. Mimba huongeza damu mwilini kwa karibu nusu na kuyapandisha mapigo. Abiria wengi zaidi, feri isiyongoja, lango la kifungo cha shati. Akishika mimba na 0.9 yake, yeye na mtoto wako hatarini. Akifunguliwa kwanza ikafika karibu na 2, wengi hubeba mimba na kujifungua kwa njia ya kawaida wakiangaliwa kwa karibu. Lakini akiwa na valvu ya chuma, mimba inakuwa jambo zito: warfarini katika wiki za 6 hadi 12 yaweza kumdhuru mtoto tumboni, na kuiacha kwaweza kuiziba valvu ya mama kwa donge. Hubadilishwa kwa heparini ya sindano chini ya daktari, kwa vipimo vya mara kwa mara, na bado hatari ipo. Ningekuwa mimi baba yake, na alama ni 8 au chini, kuvuja ni kidogo, donge hakuna, ningefanya puto kabla ya harusi, nipate eko ya pili, kisha nile biryani ya watu kwa moyo mkunjufu. Ikiwa tarehe ya harusi itatangulia, basi apewe njia ya kuzuia mimba mpaka puto lifanywe. Mzungumze naye yeye mwenyewe hilo, si juu ya kichwa chake.

Kuhusu wakwe, mamangu, wewe unawajua na mimi siwajui. Nitakwambia nilichokiona kliniki. Mume aliyeletwa akaonyeshwa eko kabla ya ndoa ndiye anayeamka usiku kumpa dawa, ndiye anayekumbuka tarehe ya sindano. Aliyefichwa huambiwa siku mke anapoishiwa pumzi ana mimba ya miezi sita, na mara nyingi huambiwa na muuguzi. Mleteni kijana. Nitakaa naye nusu saa.

Nimetaja sindano. Hata baada ya puto, hata baada ya valvu mpya, lazima aendelee na penisilini, benzathini ya yuniti milioni 1.2 kila wiki 3 au 4, ili mafindofindo mengine yasiivamie tena valvu. Kwa mwenye valvu iliyoharibika kiasi hiki, huendelea walau mpaka miaka 40. Lakini kwa sasa, wakati imebana sana na dalili ni kali, mwulizeni daktari wenu kama atumie kwanza penisilini ya vidonge. Moyo uliobanwa hivi waweza kuzirai kwa maumivu ya sindano. Lango likishafunguliwa, arudi kwenye sindano.

Mkiwa mnangoja tarehe: chumvi ipunguzwe, homa yoyote itibiwe siku hiyohiyo, na asipewe dawa za maumivu za kununua dukani bila kuuliza, hasa akianzishiwa warfarini. Akianza kuhisi moyo unapiga ovyo bila mpangilio, hata kama umepiga hivyo saa moja tu ukatulia, ni habari ya kuleta kliniki kesho yake, kwa sababu moyo wa namna hiyo ndio unaogandisha damu. Na akikohoa povu lenye rangi ya waridi, au asiweze kulala ila ameketi akihema, msingoje kupambazuke. Mketisheni wima, mwite gari, barua zote mbili na ripoti ya eko ziwe mkononi mwako, na kwenye feri waambieni wahudumu ni mgonjwa wa moyo mpishwe mbele.